Sura ya Saba: Arobaini Zilizo Mkononi Mwako

Matokeo yakishapanda kwenye mfumo, kundi la WhatsApp la darasa halilali. Mmoja anamshukuru Mungu, mwingine anauliza kama kuna mtu kapata A, wa tatu anaandika kwamba dokta kawachinja. Asubuhi foleni inajipanga nje ya ofisi ya mhadhiri. Kila aliyesimama pale ana neno moja mdomoni, nimeonewa, na ushahidi mmoja mkononi: simu yenye herufi C kwenye kioo. Mhadhiri anawasikiliza wawili watatu wa mwanzo, kisha anafunga mlango na kwenda kufundisha.

Simlaumu sana. Herufi C haionyeshi swali gani lilikuangusha, ukurasa gani ulirukwa, wala aliyesahihisha ni yeye au msaidizi wake. Anayedai haki kwa herufi peke yake anadai kwa kukisia, na anayemjibu naye anakisia, maana karatasi zenyewe zimeshafungiwa kabatini na kichwani mwake zimechanganyika na za kozi nyingine mbili.

Vyuo vyetu vingi Tanzania hugawa alama 100 mafungu mawili. Fungu la 40 linatokana na kazi za muhula: majaribio, insha, semina, kazi za vikundi. Fungu la 60 ni la mtihani wa mwisho, ule ambao wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanauita UE. Kenya mgawo uliozoeleka ni 30 za kazi za muhula, wanazoziita CAT, na 70 za mtihani. Watu huzikodolea macho zile 60 kwa sababu ni nyingi. Mimi nasema ukitaka kupigania haki yako, anza kuipigania kwenye 40, kwa sababu ndizo unazorudishiwa. Karatasi ya jaribio inarudi darasani na wino wake mwekundu, vema na makosa yake. Karatasi ya UE ukishamkabidhi msimamizi, kwa kawaida ndiyo mmeagana; kitakachokurudia ni namba.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wengi hawalipigii hesabu. Kwenye mtihani wa mwisho vyuo vingi hutaka mtahiniwa aandike namba, jina aliache. Msahihishaji hajui kama wewe ndiye uliyembishia kwenye semina. Kwenye kazi za muhula jina lako liko juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Maana yake, zile 60 usizoziona zina kinga dhidi ya upendeleo, na zile 40 zisizo na kinga unazo mkononi. Kama kweli dokta ana bifu nawe, bifu hilo litaacha alama zake mahali ambapo una karatasi. Na bado wanafunzi huichana karatasi hiyo njiani kwa hasira, au huiacha ikafungiwa maandazi, halafu muhula ukiisha wanakwenda kulalamikia UE.

Usidharau alama moja wala moja na nusu. Kwa daraja za Mlimani, A inaanzia 70, B+ inaanzia 60, B inaanzia 50 na C inaanzia 40, na kila hatua kati ya hizo ni pointi moja kwenye GPA ya 5. Shahada ya miaka mitatu inadai krediti zisizopungua 360. Kozi ya krediti 12 ni sehemu moja ya thelathini ya shahada yote. Ukipanda daraja moja kwenye kozi hiyo, GPA yako ya mwisho inaongezeka kama 0.03. Inaonekana ni vumbi. Lakini mwenye 3.77 anafika 3.80, na 3.8 ndiyo kiwango ambacho matangazo ya kazi ya mhadhiri msaidizi wa ngazi ya chini kabisa kwenye vyuo vya umma hukitaja. Chini ya hapo barua yako ya maombi haisomwi.

Mtu akiniambia kaonewa, namuuliza kaonewa kwenye nini. Kuna kuonewa kwa hesabu, kwa utaratibu, kwa hukumu na kwa nia. Kila kimoja kina mlango wake, na wanafunzi wengi hukwama kwa sababu wamebisha mlango wa nia wakiwa na shida ya hesabu. Umekwenda kwa mkuu wa idara kusema dokta anakuchukia, kumbe dokta alisahau kufunua ukurasa.

Tuchukue mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti, na jaribio la alama 30 lenye maswali matatu. Juu ya karatasi kuna 14 iliyozungushiwa duara. Swali la kwanza kapata 7 kati ya 10. Swali la pili, sehemu ya kwanza, kapata 3. Sehemu ya pili aliiandika nyuma ya karatasi kwa sababu nafasi ilimwishia, nako kuna 3 nyingine pembezoni, ndogo, imeandikwa kwa haraka. Swali la tatu kapata 4 kati ya 12, na chini yake neno moja la Kiingereza lenye maana kwamba jibu ni la juujuu. Jumlisha: 7, 3, 3 na 4 ni 17. Aliyejumlisha hakugeuza karatasi.

Jaribio hilo linabeba 15 kati ya zile 40. Kwa 14 binti anaingiziwa 7. Kwa 17 anaingiziwa 8.5. Tofauti ni alama moja na nusu, na aliyekuwa amalize kozi na 58.5 anamaliza na 60 kamili. B imekuwa B+. Kosa la namna hii ndilo la kawaida kuliko yote, ndilo jepesi kuliko yote kusahihishwa, na halihitaji kumtuhumu mtu yeyote. Kwa hiyo kabla ya kuumia, jumlisha. Geuza kila ukurasa. Angalia kama kuna jibu lisilo na alama yoyote, vema wala kosa, hilo halikusomwa.

Ile 4 kati ya 12 ni habari nyingine. Hapo tumeingia kwenye hukumu, na hukumu ina historia ambayo mwanafunzi anapaswa kuijua kabla hajapandisha sauti. Mwaka 1912 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walichukua karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza zilizoandikwa na wanafunzi wa sekondari, wakazitengenezea nakala na kuzisambaza kwa shule nyingi ili walimu wazisahihishe kama wanavyosahihisha siku zote. Walimu 142 waliitikia. Karatasi ya kwanza, ileile moja, ilipata kuanzia 64 hadi 98 kati ya 100. Ya pili ilipata kuanzia 50 hadi 97. Wakosoaji wakasema hiyo ni lugha, lugha haina kipimo. Mwaka uliofuata wakarudia kwa karatasi ya jometri. Tofauti kati ya mwalimu mkali na mwalimu mpole ikazidi alama 60. Kwenye jometri! Mmoja alitazama jibu la mwisho tu, mwingine alitoa alama kwa kila hatua, mwingine alikata kwa uchafu wa mchoro.

Ndiyo sababu vyuo hudai mwongozo wa usahihishaji unaoonyesha kila hoja ina alama ngapi. Mwongozo unapunguza tofauti, hauimalizi. Nimekaa upande ule wa meza. Bunda la darasa kubwa likiletwa, karatasi za mwanzo unazisoma kwa makini kama barua ya mchumba. Kufika katikati umeshasoma hoja ileile mara nyingi, kwa maneno yaleyale, maana wote wamepitia desa moja, yale madokezo ya kupeana, na anayekuja kuirudia tena anaonekana mvivu ingawa hakukosea lolote. Halafu inatokea karatasi moja yenye mfano kutoka kijijini kwao, mfano ambao haumo kwenye desa, na mkono unakuwa mwepesi. Je, huo ni upendeleo? Nadhani ni zawadi halali kwa aliyefikiri. Lakini aliyekuwa wa mwisho kwenye bunda haki yake ni ileile ya aliyekuwa wa kwanza, na msahihishaji mwangalifu hurudi kuzitazama karatasi za mwanzo baada ya kumaliza bunda. Si wote wanaorudi.

Lugha nayo imo. Tunafundisha na kutahini kwa Kiingereza watu wanaofikiri, kubishana na kuchekana kwa Kiswahili. Nimeona karatasi zenye hoja nzito iliyokwama kwenye sentensi mbovu, na zenye Kiingereza cha kuteleza ambacho ukikikamua hakitoki kitu. Ya pili hupata alama zaidi kuliko inavyostahili. Sina dawa ya hilo katika sura hii. Mwanafunzi anayejijua Kiingereza kinamwangusha aandike sentensi fupi na aweke hoja mwanzoni mwa aya. Msahihishaji aliyechoka ataiona.

Kwenye hukumu hutashinda kwa kusema jibu langu lilistahili zaidi. Hata mahakama zimekwepa ubishi huo. Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu mbili zinazonukuliwa mpaka leo, ya mwanafunzi wa udaktari Horowitz dhidi ya Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 1978, na ya Ewing dhidi ya Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1985, na zote mbili zilikataa kuwavua walimu mamlaka ya kupima taaluma. Uingereza nayo ina sheria ya mwaka 2004 iliyounda utaratibu wa malalamiko ya wanafunzi wa vyuo, na sheria hiyo inaweka kando kabisa malalamiko yanayopinga hukumu ya kitaaluma. Jaji hajui sosholojia. Anachojua ni kama kanuni zilifuatwa. Rufaa za vyuo vyetu zimejengwa kwa mantiki hiyohiyo: zinasikiliza kwamba hesabu imekosewa, kwamba usahihishaji haukuwa wa haki, kwamba kulikuwa na kasoro katika uendeshaji wa mtihani. Kuvunjika moyo hakumo kwenye orodha.

Kwa hiyo swali la kupeleka mlangoni kuhusu ile 4 ni kwa nini, na lije baada ya hesabu. Binti wetu anabisha hodi saa ya ofisi, karatasi ipo kwenye bahasha.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Karibu. Unasemaje?"

"Nipo mwaka wa pili, nimekuja na testi ya kwanza. Nina mambo mawili. La kwanza ni jumla, naona ukurasa wa nyuma haukuingia. La pili naomba kuelewa swali la tatu."

"Hebu lete." Anageuza karatasi, anahesabu kwa ncha ya kalamu. "Saba, kumi, kumi na tatu… kumi na saba. Eeh, ulirukwa. Pole." Anaikata 14, anaandika 17, anaweka sahihi pembeni. "Na la tatu?"

"Umeandika jibu ni la juujuu. Nilitoa sababu sita."

"Ndiyo, umetoa sita. Swali lilisema ujadili. Wewe umetaja. Hebu nionyeshe hapa ni ipi uliyoitetea."

Binti anasoma kimya. "Hakuna, Dokta."

"Basi. Ungechukua mbili ukazibishania, ningekupa nane, tisa."

"Ile ya pili, ya ardhi, ningeibishania vipi?"

Hapo mazungumzo yamebadilika. Dokta anavuta kiti, kwa sababu hakuna mhadhiri anayechoka kuulizwa kuhusu somo lake. Binti anatoka na alama tatu za hesabu, hana hata moja ya hukumu, na amepewa bure njia ya kujibu UE ya mtu huyu. Hilo la mwisho linaweza kuwa na thamani kuliko zile tatu.

Angalia alichokiacha nyumbani. Hakusema amesoma sana usiku na mchana. Hakutaja boom, ile pesa ya mkopo, wala mama mgonjwa, wala kwamba ni mtoto wa kwanza kufika chuo. Yote yanaweza kuwa kweli, na yote yanamgeuza mdai haki kuwa mwomba msaada. Mhadhiri mwenye huruma atasikitika na mhadhiri mwenye hila atafurahi kujua unachokihofia. Hakuja na wenzake wanane. Na hakusema ile kauli ninayoisikia kila mwaka, kwamba fulani alinakili kwangu na kapata zaidi yangu. Kanuni za mtihani humtia hatiani anayenakili pamoja na anayenakiliwa, na wewe umekiri ofisini, kwa hiari yako.

Usiposikilizwa, au ukiambiwa njoo kesho mpaka kesho ikaisha, andika. Ujumbe mfupi wa barua pepe wenye tarehe, namba ya usajili, jina la kozi, picha ya kurasa husika na ombi moja. Baada ya hapo mlolongo unajulikana: kiongozi wa darasa, mkuu wa idara, amidi au rasi wa ndaki, kisha rufaa rasmi kwa ngazi ya chuo, yenye ada na muda wake wa mwisho. Fungua kanuni za mitihani za chuo chako uzisome mwenyewe, kabla hujazihitaji. Kila chuo kina siku zake na fomu zake, na rufaa nyingi hufa kwa kuchelewa zikiwa na hoja nzuri kabisa ndani. Kiongozi wa darasa anafaa zaidi pale tatizo linapokuwa la wengi: muhtasari wa kozi ulisema jaribio lina 15 na insha ina 15, katikati ya muhula dokta kageuza bila kumwambia mtu. Huko ni kuonewa kwa utaratibu, na darasa zima likisema kwa barua moja idara husikia. Alama kupotea, ugonjwa ambao wanafunzi wa Kenya wanaufahamu kupita kiasi, nao ni wa utaratibu. Mwenye nakala ya kazi yake na sahihi ya daftari la kukabidhia hupona upesi. Asiye nazo huzunguka ofisi hadi wenzake wanahitimu.

Kuna mtu mmoja zaidi ambaye wanafunzi hawamjui. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na utaratibu wa mtahini wa nje uko nasi tangu zama hizo. Huja kutoka chuo kingine, akapitia maswali, mwongozo na sampuli za karatasi za mtihani wa mwisho. Hasahihishi upya karatasi ya kila mtu, na hatakuja kuiona yako kwa sababu umelia. Anachoweza kukibaini ni darasa zima lililobanwa chini ya 60, au mhadhiri ambaye alama zake hazifanani na mwongozo wake. Zile hadithi za mabwenini kwamba dokta fulani A ni ya Mungu, B+ ni yake, C ni yenu, yeye ndiye mtu wa kuzitazama. Maoni yangu ni kwamba hatoshi. Vyuo vingemruhusu mwanafunzi kuiona karatasi yake ya UE mbele ya msimamizi, kwa robo saa tu, nusu ya foleni za asubuhi zingeisha. Nimesikia hoja za kupinga, kwamba karatasi ni nyingi na watu ni wachache. Ni hoja za kabati, hazihusu haki.

Mkali si mwonevu. Anayewakata wote sawasawa, kwa kipimo alichokitangaza, anaweza kukuudhi lakini hajakuonea, na rufaa dhidi yake itakurudia. Mwonevu wa nia anajulikana kwa kubadili kipimo kulingana na mtu. Ukiwa na karatasi yako na ya mwenzako aliyekubali kukuazima, jibu moja na hoja zilezile, yeye kapata 9 na wewe 4, una kitu. Peleka zote mbili kwa mkuu wa idara, uombe msahihishaji wa pili, na usiseme lolote kuhusu chuki. Acha karatasi zifanye kazi hiyo.

Ila kama alama imefungwa kwenye masharti ya mwili, uliyoyasoma hapo juu yaweke pembeni. Usiende ofisini kujadiliana, usijaribu kumwelewesha, usikubali kukutana naye hotelini "kuzungumzia karatasi". Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inataja rushwa ya ngono kwa mtu mwenye mamlaka kuwa kosa la jinai. Mlalamikiwa hapo yuko nje ya kanuni za mitihani. Yuko kwenye jinai. Hifadhi ujumbe wa simu bila kuufuta, mwambie mtu mzima unayemwamini siku ileile, nenda dawati la jinsia la chuo kama lipo, na piga TAKUKURU kwa namba 113, ambayo haitozwi. Wasichana wengi wamemaliza shahada wakiamini kwamba walipata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa sababu hawakujua somo. Wavulana nao hukumbana na ombi la namna yake, mara nyingi la bahasha. Namba ni hiyohiyo.

Mwisho kuna la kalenda, na limewaumiza watu wenye haki kabisa. Rufaa huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Mitihani ya marudio haisubiri. Mtu kapata 38 kwenye kozi, kajaza fomu ya rufaa, kalipa ada, na kwa kuwa anaamini atashinda anakaa nyumbani wiki ya sapu. Rufaa inarudi imekataliwa, na sasa hana sapu wala alama, anaibeba kozi hiyo mwaka mzima au anadisko, yaani anaondolewa chuo. Jaza fomu, kisha kapige msuli ufanye sapu kama vile hakuna rufaa. Ukishinda, sapu inakuwa mazoezi. Ukishindwa, una C, ambayo ndiyo daraja la juu la sapu kwenye vyuo vyetu vingi, na masomo yanaendelea. Ada ya rufaa lipa benki, risiti uitoe nakala mbili: moja kwenye fomu, nyingine kwenye bahasha ileile yenye majaribio yako.